Kompyuta Iliyochezewa Kioda

Mbaha,
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Dada yangu mpendwa Hilda,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na baba na mama wazima, na kikohozi cha mama kimepungua na baridi ya huko Litembo imeanza kulegea. Sisi huku hatujambo kabisa, na mimi nimezidi kutojambo. Naandika nimekaa mlangoni kwangu. Kwangu, dada. Nikiinua macho naliona ziwa lote mpaka milima ya ng'ambo, na nguo za mume wangu zimeanikwa kwenye kamba, nimezifua mwenyewe, na nikiziona zinavyopepea nacheka peke yangu kama mgonjwa.

Usishangae kupokea barua ya karatasi. Simu tunayo moja tu, ya Nathanieli, na haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, kwa hiyo ukipiga nyumba nzima inasikia pamoja na majirani. Na mimi nina mambo ya kukwambia wewe tu. Barua nitampa Tadei, konda wa gari la ziwani. Yeye ataiacha Mbinga dukani kwa mama Joakim, na bodaboda wa Litembo ataichukua hapo.

Ndoa ni tamu, dada. Hakuna aliyeniambia. Juzi alfajiri Nathanieli alirudi kutoka majini na mbasa mmoja mkubwa, amemficha chini ya nyavu ili wenzake wasimuuze. Akasema, "Huyu nilipomwona nikakukumbuka." Nikamuuliza kama mimi nafanana na samaki. Alicheka mpaka akakaa mchangani. Mama mkwe ananiita binti yake. Hata mke wa shemeji, Jacqueline, ambaye ameolewa hapa miaka sita na alikuja na cherehani, ananipisha niingie jikoni kwanza.

Na haya yote nikiyapima, naona yalianzia kwako. Kila usiku kabla ya kulala naikumbuka ile sherehe ya kuniaga. Akina mama wa ngoma ya kioda wameingia wakicheza, muziki umezimwa, mstari wa zawadi unapita, huyu sufuria, huyu blanketi, na wewe ukatokea umeikumbatia kompyuta yako ndani ya kitenge cha bluu kama mtoto mchanga. Mjomba Othmar akashika kipaza sauti akasema, "Na dada mtu huyo, msomi wetu, anamkabidhi mdogo wake kompyuta." Vigelegele vile sijawahi kuvisikia. Mama mkwe akainuka na kucheza mpaka kwako kuipokea. Hapa kijijini wananiita Mama Kompyuta, na bado sina hata mtoto.

Nathanieli anaomba chaja. Anasema lazima ilibaki huko, kwa maana kwenye vyombo haimo. Tafadhali mpe Tadei.

Nakukumbatia kwa mikono yote miwili. Msalimie baba, mwambie kwamba kasisi wetu wa Kianglikana huku ni mtu mwema ingawa si padre.

Mdogo wako mwenye furaha kuliko wote,
Vitalia

*

Litembo,
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mdogo wangu Vitalia,

Marahaba. Barua yako imenifikia wiki iliyopita. Mama kikohozi kimepungua, sasa analalamika goti. Baba anakusalimu. Kahawa imetoa maua mengi mwaka huu, ukitoka nje asubuhi mteremko wote ni mweupe, na wanunuzi wameshaanza kupita nyumba kwa nyumba. Nafurahi kwamba umepokelewa vizuri. Nasema hivyo kwa moyo, nakuomba usome kwa moyo.

Umeikumbuka ile siku vizuri, isipokuwa jambo moja. Kulikuwa na manyunyu. Turubai lilikuwa linavuja upande wa meza ya muziki, na hakuna mtu aliyekuwa anaangalia. Nikaichukua kompyuta, nikaifunga kitenge, nikawa naipeleka ndani. Mlango wa ndani ulikuwa upande ule ule wa mstari wa zawadi. Mjomba Othmar alikuwa na kipaza sauti na alikuwa kwenye chupa ya tatu. Wakati naelewa anachosema, wakwe zako walikuwa wamesimama, na mama mkwe wako amekwisha kunifikia, mikono mbele.

Ningesema nini pale? Unajua kwetu kitu kilichochezewa kioda hakirudishwi. Kikirudi, watu wanauliza ndoa imekufa lini. Nilikutazama wewe. Ulikuwa unajua, kwa sababu wewe ndiye uliyeniomba niilete ipige nyimbo. Ukanitazama, halafu ukainamisha kichwa kama bibi harusi. Nikampa.

Sidai kompyuta. Kaa nayo. Ninachotaka ni kilichomo ndani yake. Kuna faili moja kubwa limeandikwa TASNIFU. Ni kazi yangu ya mwisho ya shahada ya uzamili ya fedha, ile ninayosoma kwa mtandao kwa miaka miwili na nusu sasa, nikipanda kule juu kwenye msalaba kila Jumamosi kutafuta mtandao. Sura tatu za kwanza msimamizi wangu anazo. Sura ya nne na majedwali yote yamo humo tu. Nakala ya akiba niliyokuwa nayo ilikuwa kwenye flash, na flash niliifuta mwenyewe ili nyimbo za sherehe yako ziingie. Natakiwa kukabidhi kazi tarehe 31 Machi. Nisipokabidhi, miaka yote hiyo haihesabiki, na chama cha msingi cha kahawa ninakofanya kazi kinatafuta meneja mwenye shahada hiyo ifikapo Julai.

Nimempa Tadei flash nyingine. Umesoma kompyuta kidato cha tatu, unajua kunakili. Haifiki hata robo saa.

Chaja bado sijaiona vizuri ilipo.

Dada yako,
Hilda

*

Mbaha,
Jumapili, 5 Januari 2025

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Natumaini mmesherehekea vizuri Noeli na goti la mama limepata nafuu. Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua za Desemba zilikata barabara mara mbili, na Tadei alikuwa anageuzia njiani. Halafu kila nikikaa kuandika Nathanieli ananiita nikaone kitu, leo upinde wa mvua umesimama ndani ya maji, kesho fisi maji na watoto wake. Mtu mzima na ndevu, dada, ananishika mkono tukakimbie kuangalia fisi maji. Siku ya Noeli aliniandikia jina langu mchangani kwa kasia, herufi ndefu kuliko mtumbwi, akakaa hapo kuwafukuza mbuzi wasilikanyage mpaka niamke.

Nina habari kubwa. Nathanieli amejenga banda pale karibu na mwalo wa mitumbwi, amezungushia mabati, ameweka paneli ya sola na spika mbili, na kila jioni kompyuta yetu inaonyesha filamu. Watu wanakuja mpaka kutoka kitongoji cha pili. Jumamosi iliyopita wazee watatu waligombana kwa sababu ya mcheza sinema ambaye hata hawamjui jina. Mimi nakaa mlangoni na kitenge changu kipya na wote wananiamkia. Mama mkwe haangalii filamu, ila huja kuangalia watu wanavyoangalia, halafu anasema kwa sauti, "Kitu hiki kimetoka kwa akina mkwe wangu Litembo." Jacqueline husikia.

Rafiki yake Nathanieli anaitwa Zabron, ni fundi simu, ndiye aliyeiandaa. Sasa imekuwa nyepesi, inakimbia vizuri sana.

Flash nimeipata. Nimeiweka mahali pazuri. Tatizo ni kwamba kompyuta mchana inalala ipumzishwe na jioni inafanya kazi, na sipendi kuishika shika mbele ya watu wakauliza. Nitapata nafasi tu. Lakini dada, nilikuwa nawaza. Wewe una kichwa kuliko sisi wote. Baba husema ulipokuwa darasa la nne ulikuwa unamsahihishia hesabu za kahawa. Hata ukiandika upya si utaandika vizuri zaidi ya mwanzo? Mtu akirudia kupika ugali ule wa pili huwa laini.

Chaja usihangaike, Nathanieli amenunua ya Kichina Mbinga. Inapata moto kidogo.

Nimeacha kula mbasa. Nikisikia harufu tu natoka nje. Usimwambie mama bado.

Wako akupendaye,
Vitalia

*

Litembo,
Jumapili, 19 Januari 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera kwa hiyo habari ya mbasa. Sijamwambia mama, ingawa alisoma uso wangu nilipokuwa nasoma barua yako na akaanza kutafuta nguo za zamani. Goti lake halijambo. Baba amepalilia shamba la chini peke yake.

Nitakueleza kwa nini haiandikwi upya, kwa sababu naona hujaelewa, au nataka kuamini hujaelewa.

Kazi yangu inahusu magoma. Unakumbuka magoma, hata baba alishawahi kuuza hivyo, mwaka ule ulipoingia kidato cha kwanza. Mtu ana shida, anauza kahawa yake ikiwa bado maua, kwa bei ya huruma, na msimu ukifika anaivuna na kuikabidhi yote kwa aliyenunua. Watu hawalisemi. Ni kosa na ni aibu, na anayenunua ni jirani au mtu mkubwa. Nilitembea nyumba sitini na nne. Niliwaahidi kwamba nikishaingiza maneno yao kwenye kompyuta bila majina, nitachoma karatasi mbele yao, na niliwasha moto mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwenye mafiga yao. Ndiyo maana walisema. Bibi Ottilia wa kule bondeni alisema mambo ambayo hakuwahi kumwambia hata mumewe. Tumemzika tarehe 11 Desemba. Niende nimuulize nani upya?

Si ugali, Vitalia.

Chaja ninayo. Ninayo tangu siku ile, ilibaki kwenye soketi na niliichomoa mwenyewe. Nilikudanganya, nisamehe. Nakuomba hivi: chagua siku yoyote, mwambie Nathanieli unaleta kompyuta Mbinga ikaguliwe. Nitakuwa stendi. Tutaingia kwa yule wa fotokopi karibu na soko, nitanakili wewe ukinywa soda, halafu utaondoka na kompyuta yako na chaja yake halisi. Hakuna atakayejua lolote.

Usipokuja hadi katikati ya Machi, nitakuja mimi.

Hilda

*

Mbaha,
Jumapili, 23 Machi 2025

Dada yangu wa pekee,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na dagaa wale wa usipa hawakuchafua mizigo ya watu garini. Mama amesemaje kuhusu yule samaki mkavu, mbufu? Huku hatujambo. Tumbo linaanza kuonekana, na Nathanieli hataki nichote maji, anachota yeye, vijana wanamcheka na yeye anawajibu kwamba wao wamebeba ndoo za bia matumboni miaka yote bila kuchekwa.

Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke. Mama mkwe mpaka leo anasimulia. Alisema hajawahi kuona mgeni mwenye adabu kama wewe, umekula ulichopewa, umelala ulipoonyeshwa. Unakumbuka alivyokuchezea tena pale uwanjani, akawaita na wanawake wa jirani, wote wakaja kukushika mkono kwa ajili ya ile zawadi? Nilikuwa nimesimama jikoni natazama. Ulitabasamu mpaka mwisho. Nilijiambia, huyu ndiye dada yangu, hataniangusha.

Nathanieli alifurahi sana ulipomwomba akuonyeshe kompyuta. Alikuletea mwenyewe, akaifuta vumbi kwa shati lake. Mimi nilikuwa nakaanga samaki, nikakuona kupitia dirishani umekaa nayo mapajani. Ulikaa muda mrefu. Nilisikia unabonyeza, halafu sikusikia kitu. Mafuta yaliungua, nikayamwaga, nikaweka mengine. Ulipotoka nje ulisema unakwenda kunawa uso, ukapita jikoni bila kuniangalia, ukateremka mpaka majini na viatu vyako vya ofisini miguuni, ukasimama humo, maji yamefika magotini. Watoto walikuja kuniambia, "Mama Kompyuta, mgeni wako anaoga na viatu." Nikawaambia ni joto, huko kwao hawana joto.

Uliporudi ulikula vizuri. Ukasema samaki ni watamu.

Nilidhani utanisemesha usiku tulipolala chumba kimoja. Nilisubiri. Asubuhi nikakusindikiza garini, ukaniambia nipumzike, nisibebe vitu vizito. Ni hayo tu.

Dada, usikae kimya sana. Nikipata mtoto wa kike nataka aitwe Hildegardi, jina lako lote, si Hilda. Nathanieli amekubali tayari. Anasema akiwa na akili nusu yako inatosha.

Vitalia wako

*

Litembo,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Vitalia,

Marahaba. Mama amekula mbufu na anashukuru. Wote hawajambo.

Mlimokuwa na TASNIFU sasa mna filamu mia mbili na kumi na saba. Nilizihesabu kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Sikuuliza pale kwenu. Ningeulizaje, watu kumi na wawili wametoka kunishika mkono? Na mumeo alikuwa amesimama nyuma yangu anafurahi, ananionyesha picha ya harusi yenu aliyoiweka kwenye kioo cha kompyuta. Nilimtazama kwa makini. Naona hajui chochote.

Nimemwandikia msimamizi wangu. Nilimwambia kompyuta iliharibika. Ilikuwa rahisi kuandika hivyo kuliko kumweleza mzungu kioda. Wamenipa hadi tarehe 30 Juni, na hakuna siku nyingine baada ya hapo. Nimerudi kwenye zile nyumba. Kumi na tisa wamekubali kusema tena. Wengine wamenifungia mlango kwa upole. Mmoja aliniuliza maneno yake ya mwanzo yamekwenda wapi kama karatasi nilichoma na kompyuta sina. Kesho yake watano wa wale kumi na tisa wakaniambia wana kazi shambani.

Nina swali moja. Sitaki habari za upinde wa mvua. Nani alifuta?

Hilda

*

Mbaha,
Jumapili, 15 Juni 2025

Dada Hilda,

Shikamoo. Poleni na msimu wa kuvuna, najua mikono ya wote imekwisha kuwa myekundu. Huku upepo wa kusi umeanza, ziwa limechafuka wiki mbili, mitumbwi haitoki. Nathanieli yuko nyumbani muda wote, ananitengenezea kitanda cha mtoto kwa mbao za mtumbwi wa babu yake. Nampenda mpaka naogopa.

Barua yako nimekaa nayo miezi miwili. Nimeanza kuijibu mara nne. Mara zote nilikuwa naandika kwamba ni Zabron.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya harusi, kabla hata sijakuandikia ile barua ya kwanza. Zabron alikuja kuitengeneza ibebe filamu. Tulikuwa wengi ukumbini, mama mkwe, Nathanieli, shemeji na Jacqueline. Kulikuwa bado na moto kidogo kwenye betri. Zabron akasema imejaa, kuna faili kubwa hapa, akasoma jina kwa sauti, "Tasnifu, Hildegardi." Akafungua tukaona majedwali. Jacqueline ndiye aliyesema. Alisema, "Kumbe ni ya kuazima." Akasema taratibu tu, huku anamenya muhogo.

Wote wakanitazama, dada. Nathanieli pia alinitazama, na sijawahi kumwona na uso ule kabla ya hapo wala baada yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyesikia sauti nyuma ya nyumba na anasubiri aisikie tena.

Zabron akaniuliza, "Mama, hii ni kazi ya mtu?"

Nikasema, "Ni ya zamani. Futa."

Akauliza mara ya pili, kwa sababu ni fundi mwangalifu. Nikasema futa. Akafuta. Mama mkwe akacheka, akamwambia Jacqueline aendelee na muhogo wake.

Kwa hiyo barua yako ya Novemba ilipokuja na flash, hakukuwa na kitu cha kunakili. Nilijua na nikakuandikia habari za filamu. Ningeweza kukwambia siku ile ile na ungekuwa na miezi minne ya kurudi kwa watu, na bibi Ottilia alikuwa hai. Nimehesabu. Huwa nahesabu usiku nikihisi mtoto anageuka.

Nitasema na ukweli mwingine, kwa sababu nimeshaanza. Siku ile ya sherehe uliponitazama, nilielewa. Ningenyanyua tu mkono, mjomba angenyamaza, watu wangecheka, basi. Lakini maisha yangu yote nilikuwa yule aliyefeli, na wewe ndiye msomi, na kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanapiga vigelegele upande wangu. Niliona ni haki yangu kidogo. Niliona wewe utapata nyingine, wewe hupata.

Nathanieli hajui mpaka leo. Ukimwambia ataileta kompyuta Litembo kichwani kwa miguu, namjua, halafu atarudi anitazame tena kwa ule uso. Nakuomba dada. Nimepiga magoti nikiandika hivi, na tumbo hili si kazi ndogo.

Vitalia

Naona aibu kuongeza hili. Chaja ya Kichina imeungua wiki iliyopita na banda limefungwa. Nathanieli ameniomba nikuulize tena ile ya kwako. Nilimwambia nitaandika, nikakosa sababu ya kutoandika.

*

Litembo,
Jumapili, 13 Julai 2025

Vitalia,

Marahaba. Mama na baba hawajambo. Tumevuna nusu.

Tarehe 30 Juni nilikabidhi kazi yenye nyumba kumi na nne. Wamenijibu kwa lugha ya heshima sana kwamba haitoshi na kwamba jina langu limeondolewa kwenye orodha. Wamenitakia kila la heri katika shughuli zangu. Chama kimempata meneja kutoka Songea, kijana mzuri, jana alinituma nikamletee chai. Nyumba sitini na nne zinanisalimia vizuri njiani lakini hakuna anayenikaribisha ndani. Wanadhani maneno yao niliyauza.

Mumeo sitamwambia, na usidhani ni kwa sababu yako. Ni mtu mwema, na sioni kwa nini tuwe wawili wa kulipa.

Mtoto akiwa wa kike, usimpe jina langu. Hili silisemi kwa hasira, nimelala nalo siku nyingi na asubuhi bado lipo. Mpe jina la huko mliko.

Nimempa Tadei chaja. Nimeifunga ndani ya kitenge kile cha bluu ili isikwaruzwe. Sasa zawadi imekamilika.

Hildegardi

*

Mbaha,
Jumapili, 31 Agosti 2025

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mko wazima na kahawa imekauka vizuri. Huku tumejaliwa mtoto wa kike tarehe 9, mzima, mweusi mzuri, ana paji la uso lako kabisa, kila anayemwona anasema. Tumempa jina la mama mkwe. Nathanieli aliuliza mbona tulikuwa tumekubaliana jina lingine, nikasema nimebadili mawazo, wajawazito hubadilika. Anamwimbia mpaka mtoto analala na yeye analala, nawakuta wote wawili midomo wazi. Sijui kama kuna mwanamke mwenye bahati kuliko mimi ziwa zima.

Chaja ilifika, na inafanya kazi vizuri, haipati moto hata kidogo. Banda limefunguliwa. Tadei alipoishusha mama mkwe aliipokea kwa kucheza, peke yake, pale pale barabarani, gari zima likimtazama kupitia madirishani.

Kitenge nambebea mtoto.

Nimekuandikia mara mbili kabla ya hii, sijui kama zilikufikia. Jana jioni tulipokuwa tunakula Nathanieli aliuliza mbona dada siku hizi haandiki. Mama mkwe na Jacqueline walikuwepo. Nimewaambia una masomo.

Mdogo wako,
Vitalia